Miguu ya Kuazima

Jumapili, 2 Februari

Shikamoo, Dada.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta bangili nyeusi ya mpira. Usiitupe ukidhani ni mchezo wa watoto. Ni mashine ya kuhesabu hatua za anayeivaa, na kwa sasa haina cha kuhesabu, maana aliyekuwa ameivaa ni mimi.

Ule utafiti wa hospitali ulionisihi nijiunge nao tulipotoka kumzika baba, nimejiunga. Daktari ni mwanamke mpole mwenye mikono ya baridi. Siku ya kwanza alinilaza, akaniganzisha tumbo, akavuta kipande cha mafuta kwa sindano nene, halafu akaniita nichungulie mwenyewe kwenye hadubini. Dada, mimi nilidhani mafuta ni mafuta tu, yamelala pale kama magunia stoo. Kumbe mna vita! Chembe za mafuta zimetuna mpaka nyingine zinakufa, na askari wa mwili wamezizunguka kama watu waliozunguka ajali barabarani. Daktari anauita mwako. Anasema hauishii tumboni, unasafiri na damu mpaka kwenye moyo na ini. Anachotaka kujua ni hiki: mtu mnene akila ndani ya masaa manane ya mchana tu, yaliyobaki akafunga, na akatembea kila siku, je, mwako utatulia? Mwezi wa tano atavuta kipande kingine alinganishe.

Kufunga nafunga. Tatizo ni kutembea. Nina kidonda kisiginoni, kiatu hakiingii. Nikimwambia Daktari atanitoa, na wifi yako ameshautangazia mtaa mzima kwamba mume wake anatengenezwa upya. Nikitolewa, uso wangu nitauficha wapi?

Wewe kutwa unazunguka nyumba za watu kusoma mita za maji. Hatua zako zinapotea bure. Ivae, mwisho wa mwezi nirudishie kwa basi niipeleke ikasomwe. Ni mwezi huu tu. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hii ina msikilizaji mmoja, na si mimi.

Mdogo wako,
Fundi Saa

*

Jumatatu, 10 Februari

Bonge wangu,

Marahaba, ila ya shingo upande. Una wazimu? Watu wanaazima ngazi, wanaazima chumvi, wewe unaazima miguu?

Nimeivaa. Nimeivaa huku nakutukana, ujue. Msimamizi wangu ameniuliza kama nimepata mchumba, nikamwambia ndiyo, ananifuata kila ninapokwenda na hasemi neno. Leo nimepanda ghorofa zote za zile nyumba za reli, mbwa mmoja amenikimbiza mpaka nje ya geti, kwa hiyo hesabu yako iko vizuri.

Sasa nisikilize. Kidonda kipake dawa. Baba alianguka kazini akiwa na kilo pungufu ya ulizo nazo wewe, na simu ile niliipokea mimi. Sitaki kupokea nyingine ya aina ile. Ndiyo maana nimekubali huu upuuzi, ili usitolewe. Mwezi mmoja, halafu unatembea mwenyewe hata kama ni kwa kuchechemea.

Dada yako

*

Alhamisi, 6 Machi

Shikamoo, Dada.

Umeniponza! Nilidhani watasoma bangili kimyakimya wanirudishie. Kumbe kliniki wana ubao ukutani, na nesi anaandika hatua za kila mmoja kwa chaki, herufi kubwa. Jina langu limekaa juu ya yote. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akanishika goti, eti aone limetengenezwa na nini.

Tena tumepangwa wawiliwawili ili tupeane moyo. Mwenzangu ni mwokaji mikate, mjane, mtu wa mzaha, kitambi chake na changu vikikutana mlangoni lazima kimoja kisubiri. Aliuangalia ubao, akaniangalia mimi, akauangalia tena. Kisha akasema, "Fundi, kumbe saa zako zina miguu?" Nikacheka. Jasho likanitoka mpaka mgongoni.

Kisigino bado. Nivumilie mwezi mwingine mmoja. Ila tafadhali, punguza mwendo. Kaa kaa kidogo kwenye ngazi, zungumza na wenye nyumba. Mimi si mtu wa kuongoza.

Mdogo wako

*

Jumapili, 30 Machi

Bonge,

Bangili hiyo, nimeifunga ndani ya soksi isiumie njiani. Ikishasomwa nirudishie tena, maana najua utaomba. Kupunguza mwendo nimesikia.

Hebu niambie, makofi walipiga kweli, au umetia chumvi? Wote waliokuwepo? Huyo mama aliyekushika goti alisema nini hasa?

Kidonda gani hicho kisichopona miezi miwili? Kimuonyeshe Daktari, si yuko hapohapo.

Dada yako

*

Ijumaa, 11 Aprili

Mwenzangu Fundi,

Salamu za unga. Ukiona madoa kwenye karatasi hii ni siagi, usiirambe, tumefunga.

Nakuandikia kwa sababu kliniki kuna masikio mengi. Tulipopangwa pamoja nilifurahi. Nilikupima kwa macho nikasema huyu hanisumbui, huyu nitamwacha asubuhi na mapema. Lo! Mtu anakaa kutwa kwenye kiti akipuliza vumbi ndani ya saa, halafu ubaoni yuko juu ya kila mtu, na mwezi huu amejizidi mwenyewe! Mimi ninayesimama kutwa mbele ya tanuri nikaona aibu.

Basi nimeamua. Nikishatoa mikate ya asubuhi, kabla muda wa kula haujafika, natoka. Mwanzoni nilifika kona nikarudi, watoto wakinihesabia hatua kwa sauti. Sasa nafika kwenye tangi la maji kule kilimani. Nikuambie ukweli, tangu mke wangu afariki nilikuwa natoka tanurini naingia kitandani, natoka kitandani naingia tanurini. Sasa nina pa kwenda. Kuna watu wananisalimia njiani, mmoja ananiita Bingwa.

Nitakupata tu, Fundi. Siku ukisikia mtu anahema nyuma yako usigeuke, ni mimi.

Mwokaji

*

Jumatatu, 28 Aprili

Dada,

Mwokaji ameanguka.

Ilikuwa juzi Jumamosi, jua limewaka, akishuka kutoka kwenye tangi la maji. Hakuwa ameweka kitu mdomoni tangu jana yake alasiri. Kizunguzungu kikamshika, akaenda chini kwenye ukingo wa mtaro. Nyonga imevunjika. Wamempasua jana.

Nimetoka kumtazama. Amelala chali, mrefu kitanda kizima, uso umemsawajika. Nilipoingia akatabasamu. Unajua neno lake la kwanza? "Wiki hii umefikisha ngapi?"

Nesi ameniambia hata maji hakunywa. Daktari alitueleza wote kwamba maji yanaruhusiwa, tunywe hata pipa. Yeye akaona maji nayo ni kudanganya. Kudanganya, Dada! Ananiambia mimi neno hilo, mimi nimekaa pale na mfuko wa machungwa mapajani sijui niutue wapi.

Alikuwa ananikimbiza mimi. Aliniandikia barua kuniambia ananikimbiza, nikaisoma, nikaiweka chini ya saa moja mbovu, nikaendelea na kazi. Ningemjibu mistari miwili tu asingekuwa pale. Tangu nitoke wodini roho inanisuta. Leo nimepoteza skrubu tatu.

Nifanye nini?

Mdogo wako

*

Ijumaa, 2 Mei

Mdogo wangu,

Nimempigia wifi kumsalimia. Katikati ya mazungumzo nikamuuliza kisigino cha mumewe kinaendeleaje. Akaniuliza, kisigino gani?

Sitakupigia kelele. Nilitaka, nilikuwa nimeshajiandaa na maneno yote, ila nikijitazama na mimi sina pa kusimamia. Uliniandikia nipunguze mwendo. Barua ile niliisoma, nikaikunja, nikavaa viatu nikatoka kutembea. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo hata kazi sina. Na Jumapili zilizofuata hivyohivyo. Miaka yote hii nimekanyaga kila ngazi ya mji huu, mabosi wananijua kwa namba ya sare. Uliposema watu walinipigia makofi, niliisoma sentensi hiyo mpaka nikaikariri. Nilitaka wapige tena. Sikuuliza anayeshindwa ni nani, wala sikutaka kujua.

Kwa hiyo mtu wa watu ameanguka, na tuliomsukuma ni wawili.

Bangili hii hapa. Siivai tena hata ulie damu. Nenda kwa Daktari leo hii ukamwambie, kabla hajavuta hicho kipande cha pili. Ukiona aibu, kumbuka mwenzako anavyogeuzwa kitandani na manesi.

Dada yako

*

Jumatano, 21 Mei

Mdogo wangu,

Wiki ya tatu hii hujanijibu. Kimya chako nimekielewa. Hujaenda kusema.

Dada

*

Ijumaa, 30 Mei

Ndugu Fundi,

Nimemaliza kutazama vipande vya mafuta vya washiriki wote. Nakuandikia wewe mmoja kwa barua kwa sababu majibu yako yamenisumbua, na nisingependa uyasikie ukiwa umesimama kwenye foleni.

Mwako haujapungua. Umezidi kidogo kuliko kwenye kipande cha kwanza. Nimerudia kipimo mara kadhaa nikidhani chupa zimechanganywa, hazikuchanganywa. Mwenzako Mwokaji, ambaye kwa ridhaa yake nilimchukulia kipande siku ya upasuaji wa nyonga, ni kinyume kabisa. Chembe zake za mafuta zimenywea, na askari wengi wametawanyika. Kwa miezi mitatu ni jambo la kufurahisha mno. Na yeye alitembea kidogo kuliko wewe.

Nyote mlifunga. Kwa kuwa aliyetembea kuliko wote hakupata nafuu yoyote, nimelazimika kufikiri kwamba kwa watu wenye maumbile yenu kinachosaidia ni kufunga peke yake, na kutembea hakuongezi kitu. Kwa hiyo Mwokaji nimemshauri asirudie matembezi yake. Nyonga ile ikipata mshtuko mwingine hatasimama tena, na sioni kwa nini ahatarishe kwa kitu kisicho na faida.

Kwako nahofia kuna ugonjwa uliojificha. Nimekuombea kitanda wiki ijayo tukuchunguze ini na tezi, na ikibidi tuchukue kipande cha ini.

Tafadhali usijilaumu. Hukukosea lolote. Umefanya zaidi ya nilivyokuomba, na nakushukuru kwa moyo wote.

Daktari

*

Jumanne, 3 Juni

Mwenzangu Fundi,

Naandika nikiwa nimekaa, maendeleo hayo. Nesi ananipeleka mpaka chooni kwa fimbo na kunirudisha, na njiani tunapumzika mara mbili kama watalii.

Daktari amenipiga marufuku kutembea. Amenieleza vizuri tu, akanishika bega. Nikamuuliza, hata mpaka kwenye tangi, hata polepole? Akasema mwenzako ametembea kuliko wote na hakupata kitu. Daktari ningebishana naye, mimi mbishi, unanijua. Lakini nibishane na miguu yako?

Nikitoka hapa sijui zile saa za asubuhi nitazifanyia nini. Mtoto wa dada yangu ameshika tanuri, anasema mjomba wewe pumzika. Nitapumzika. Nitakaa dirishani nione watu wakipita. Yule anayeniita Bingwa atadhani nimehama.

Ila pole yako ni kubwa kuliko yangu. Mtu ujitese vile, jua na vumbi, halafu mwili ukunyime! Nimelia kwa ajili yako, si kwa nyonga. Nimemwambia Daktari kama kuna haki duniani angechukua nafuu yangu nusu akupe wewe.

Mwokaji

*

Jumamosi, 7 Juni

Mwokaji,

Barua hii nimeichana mara nyingi. Nimejifungia dukani, kibao cha mlangoni nimekigeuza kisomeke pamefungwa, ili nisipate kisingizio cha mteja.

Sikutembea. Hatua zile za ubaoni hazikuwa zangu hata moja. Bangili nilimtumia dada yangu kwa basi. Yeye ni msoma mita za maji, anatembea kutwa, mwembamba kama ufagio. Yeye nilimdanganya nina kidonda, ninyi nikawadanganya nina miguu. Wiki ya kwanza nilijaribu. Nilifika kwenye kituo cha mafuta, vijana wawili wakauliza kama nahitaji kuvutwa. Nikarudi dukani nikakaa, na sikuinuka tena. Ndiyo sababu yote, Mwokaji. Ningependa iwe kubwa kuliko hiyo, lakini ni hiyo tu.

Kufunga nako nilifunga mbele ya mke wangu. Dukani, kwenye droo ya chini, pana biskuti. Wewe ulijinyima hata maji.

Barua yako ya mwezi wa nne niliipata. Nilijua unatoka kila asubuhi, nilijua unanifukuza, na nilijua huyo unayemfukuza hayupo. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda ulivyokuwa unaniangalia. Ulipoanguka nikanyamaza kwa woga. Daktari alipovuta kipande cha pili nikalala pale kimya, nikijiambia labda mafuta nayo yatanisetiri. Hayakunisetiri. Lakini hata barua yake ningeimeza, Mwokaji, ningekubali hata wanitoboe ini bure. Ya kwako ndiyo iliyonishinda. Uliponililia.

Jana nilikwenda kwa Daktari nikamwaga yote, mke wangu akiwa pembeni yangu. Daktari aliinuka akaenda kwenye ubao. Kisha akalifuta jina langu, akasema, "Unajua umempokonya mgonjwa wangu kitu gani?" Mke wangu hajaongea nami tangu hapo. Dada yangu, nilipompigia simu, ndiye aliyenijibu, neno moja: "Afadhali."

Daktari atakuja kukuona. Aliniambia hawezi kuapa, kwa mtu mmoja, kwamba ni kutembea kulikotuliza mwako wako na si kufunga, ila ile sababu ya kukukataza haipo tena. Haikuwahi kuwepo. Nyonga ikiunga, na maji ukinywa, na ukianza mdogomdogo, unaruhusiwa kurudi kwenye tangi lako.

Mafuta yako yametulia kwa jasho lako mwenyewe. Nyonga yako imevunjika kwa uongo wangu. Sikuombi kitu. Nilitaka usikae dirishani kwa ajili yangu hata siku moja zaidi.

Fundi Saa

*

Jumatano, 11 Juni

Fundi,

Nimeisoma. Nilimwomba nesi aitupe, akaitupa, baadaye nikamwomba aitoe kwenye pipa.

Nimekasirika. Usije ukadhani kwa kuwa natania basi sina hasira. Nimelala hapa wiki sita nikikustaajabia, kisha nikikuonea huruma wewe, mtu mwenye droo ya biskuti. Kila nikikumbuka nilivyomwambia Daktari achukue nusu ya nafuu yangu akupe, nataka nikupige na fimbo hii, na ningekupiga ungekuwa karibu.

Kwa hiyo niliyekuwa nashindana naye ni dada yako, mtu wa kazi ya miguu. Hilo limenipa nguvu kidogo, sitaficha. Mwambie mwezi wa nne nilikaribia kumpata.

Na wewe, bado sijui nikuweke wapi. Jumamosi natolewa. Daktari amesema siku ya kwanza nitoke mlangoni kwangu mpaka mwisho wa ukuta wa jirani na kurudi, na asubuhi zinazofuata niongeze kidogokidogo. Nitatoka saa mbili, nikishaangalia mikate. Njoo. Njoo kila asubuhi mpaka tufike kule kilimani. Wale vijana wakiuliza kama unahitaji kuvutwa, wajibu mwenyewe.

Ila usiniombe msamaha njiani. Pumzi hutakuwa nayo.

Mwokaji